Mkono wa Pili wa Koti

Saa mbili asubuhi, dobi wa hospitali alitandaza shuka bichi mezani, akalipitishia viganja mara mbili, likakauka na kunyooka. Mwenzake wa zamu alilikunja, akampa la pili.

Hedhi ya dobi ilikoma miaka kumi na minne iliyopita, lakini joto halikupata habari. Lilimpanda kifuani kila siku, na usiku jasho lililowesha godoro mpaka mumewe akahamia kwenye kochi, akidai mgongo wake unapenda kochi. Daktari wa kliniki ya hospitali hiyohiyo alimwambia ni umri, atazoea. Alimwambia hivyo mara tisa bila kumpima. Kuuliza si ujinga, lakini daktari hakutaka kujaribu.

Mashine ya kukaushia ilipokufa, msimamizi aliona mashuka bado yanatoka makavu, akafuta ombi la mashine mpya. Dobi akaandikwa kwenye orodha ya vifaa, kati ya pasi na toroli, na aproni yake ikabandikwa namba. Mwenzake alimshauri agome. Dobi alikataa. Alijua utaratibu: kifaa kikishaandikwa, lazima kikaguliwe.

Fundi wa mashine alifika na fomu yake. Alimwamkia, akavuta kiti, akauliza joto lilianza lini, huja mara ngapi kwa siku, hukaa dakika ngapi, na kama usiku kuna kuvuja. Dobi alijibu yote. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza. Machozi yalimtoka, yakakauka kabla ya kufika shavuni.

"Mama, mimi ni wa mashine tu," fundi alisema. "Lakini kitu kikipata moto miaka kumi na minne, mimi hufungua nikaona ndani kuna nini."

"Andika hivyohivyo, baba."

Akaandika, akagonga muhuri.

Mchana dobi aliipeleka fomu kliniki. Daktari aliisoma pande zote mbili, akausifu mwandiko. Kisha akaandika kwenye faili neno moja, umri, na kumrudishia fomu kwa sababu ilikuwa ya idara nyingine. Dobi aliposimama, daktari alivua koti lake jeupe lililokunjamana, akamwomba alipitishie viganja, maana alikuwa na kikao.

Dobi alilitandaza juu ya kitanda cha wagonjwa, kitanda ambacho hajawahi kulazwa juu yake. Alinyoosha kola, mgongo, mifuko na mkono wa kulia. Akamrudishia.

"Umesahau mkono mmoja, mama."

"Sijasahau, mwanangu. Huo nitaunyoosha siku utakayonipima."

Daktari alilivaa hivyohivyo, akaenda kwenye kikao. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Jumatatu iliyofuata daktari alifika kazini na koti lenye mkono mmoja ulionyooka na mwingine uliojaa makunyanzi. Dobi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki, fomu mkononi, na benchi alilokalia lilikuwa limeshaanza kufuka mvuke.