Sam Laredo Atimiza Miaka Arobaini

Raisa alipomwomba mamake akaimbe sauti ya pili kwenye sherehe ya miaka arobaini ya muziki wa babake, Mwanamize alikuwa anakaanga vitunguu, na hakugeuka.

"Miaka arobaini ya nini?" aliuliza. "Ya kuvaa kofia ya kauboi?"

"Mum, please. Mara moja tu. Watu wanakuja hata kutoka Leicester."

Samatar Ishaka, babake Raisa, aliyejiita Sam Laredo kwa jina la mji wa makauboi, hakuwahi kukanyaga Marekani. Alizaliwa Nakuru, mtoto wa dereva wa lori, akanaswa na kantri, muziki wa makauboi, uliopigwa redioni kila Jumapili. Alipofika miaka ishirini na kitu alikuwa akiimba kwenye mahoteli ya barabarani, pale wasafiri wanaposimama kula nyama choma. Sauti alikuwa nayo. Hata Mwanamize alikiri kwamba Mungu alimpa mtu yule sauti, ila hakuelewa kwa nini alimpa yule. Aliimba habari za farasi na malisho yasiyo na mwisho, na siku walipokwenda Lamu kutembelea shangazi zake Mwanamize, punda mmoja alimnusa Samatar kiwiko, naye akaruka akajificha nyuma ya mkewe.

Walikuja Birmingham, Uingereza, kuimba kwenye harambee ya Wakenya, wakabaki. Siku za kazi Samatar alipanga matairi ghalani. Wikendi aliimba kwenye klabu za wazee wa Kiayalandi, ambao walimpenda kauboi wa rangi yoyote mradi alie vizuri. Kwa watu wa msikitini, mtaa wa Small Heath, alisema ana shifti ya ulinzi, na kofia aliibeba ndani ya mfuko wa nguo chafu.

Hayo yalikuwa ya kuchekwa tu. Dharau yenyewe ya Mwanamize ilianza mwaka wa 2009, Mzee Ishaka, babake Samatar, alipougua kule Nakuru.

"Tangulia," Samatar alimwambia mkewe. "Mimi nina shoo Wolverhampton. Nikimaliza nakuja."

Mwanamize aliomba likizo kwenye jiko la hospitali alikokuwa akifanya kazi, akamwacha Raisa, mtoto wa miaka tisa, akaenda. Alikaa na mzee siku kumi na tisa. Alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza ubavu, akamkata kucha. Mzee alikata roho asubuhi, vidole vyake vikiwa vimeshika vya mkaza mwanawe. Samatar hakuja maziko, wala hakuja matanga.

Mwanamize aliporudi alimkuta mumewe ametunga wimbo, "Mkono wa Baba". Ndani yake mwana ameketi kando ya kitanda, ameshika mkono wa babake mpaka ukapoa. Wimbo ule ulimbeba kuliko nyimbo zake zote. Ulipigwa redioni Nairobi, watu wakautumia misibani. Na kila alipouimba, Samatar alilia kwenye ubeti wa tatu, si wa pili wala si wa nne. Mwanamize alimwimbia sauti ya pili miaka miwili, kisha akadai talaka yake. Watu walipomuuliza sababu alisema amechoka na kantri.

Sasa, pale jikoni, alimgeukia binti yake. "Nitakuja kwa ajili yako. Lakini wimbo ule siuimbi."

Raisa alimpigia babake simu pale pale. Samatar akaahidi kwamba hautaimbwa.

Ukumbi ulikuwa kando ya barabara ya Coventry, Jumapili baada ya adhuhuri. Mshereheshaji alikuwa Mubarik, mwenye duka la simu, ambaye alimsifu Samatar nusu saa nzima na kumwita nguli mara kumi na moja, Mwanamize alihesabu. Kisha nguli akapanda, miaka sitini na tatu, ndevu zimepakwa hina, kitambi kimelalia kifungio cha mkanda kipana kama kisahani. Aliwasalimu Waswahili wenzake kwa Kiingereza cha puani.

Mwanamize akasimama kando yake, wakaimba nyimbo nne. Ndipo Samatar akavua kofia.

"Na sasa," alisema, "wimbo wa marehemu babangu."

Mwanamize alimtazama Raisa kwenye safu ya mbele. Raisa alitikisa kichwa. Hakuwa na habari.

Samatar alipapasa nyuzi za gita polepole. Alipofika ubeti wa tatu alinyamaza, akainua mkono wa kulia juu. "Jameni, ni mkono huu! Huu ndio alioshika. Akaniambia, mwanangu, imba."

Mwanamize alisogelea maikrofoni yake.

"Mkono ulikuwa wangu," alisema. "Yeye alikuwa Wolverhampton."

Mwanamize aliendelea kabla Samatar hajagusa nyuzi tena.

"Na mzee hakusema imba. Alisema ana kiu."

Akashuka jukwaani, akapita meza ya sambusa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma yake Samatar alifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika. Mubarik akapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama, kana kwamba yote yalikuwa sehemu ya wimbo. Mwanamize aliyasikia makofi yale akiwa nje, akatema mate kandokando ya barabara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Raisa alimkuta kwenye kituo cha basi.

"Baba aliniambia umeenda harusi," alisema. "Nilikuwa nine, Mum. Harusi!"

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unampenda. Na mimi niliuimba wimbo ule miaka miwili, Raisa, tena kwa madaha. Ningesema kwa mdomo gani?"

Asubuhi iliyofuata simu ililia. Alikuwa Samatar.

"Mama Raisa, jana umeniua."

Mwanamize aliketi. Kwa muda mfupi alidhani, akajiona mjinga kwa kudhani, kwamba mtu huyu anataka kuomba msamaha.

"Watu walilia!" Samatar aliendelea. "Video imesambaa mpaka Eldoret. Sasa sikiza. Shoo ya Leicester ni mwezi ujao. Nikifika pale kwa ubeti wa tatu, wewe unaingia na maneno yale yale. Hayo ya kiu usiyaache, ndiyo yanachoma."

Mwanamize alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe, Samatar. Nilidhani unajua ulichofanya ukaficha. Kumbe hata hujui."

Akakata simu, akaifungia namba ile.

Samatar alikwenda Leicester na mwanamke wa Coventry, aliyefundishwa wakati wa kuingia. Raisa alikuwepo. Mwanamke alisoma maneno kwenye karatasi, na badala ya kiu akasema mzee alisikia baridi. Watu walisimama vilevile.

Raisa alimsimulia mamake yote hayo. Tangu siku ile, alisema, hapokei simu za babake. Mwanamize hakumshauri apokee, wala hakumshauri asipokee. Alimpakulia wali, akaketi naye, na kwa mara ya kwanza akaanza kumweleza babu yake alikuwa mtu wa namna gani.