Tundu la Moshi Nyuma ya Hoteli

Ukungu wa Kitale una tabia ya kushuka mjini asubuhi bila shughuli yoyote, ukajilaza juu ya mabati, ukajisahau hapo. Asubuhi ile Levi Wakoli hakujua ukungu unaishia wapi na moshi wa hoteli ya Mathenge unaanzia wapi. Vyote vilimpita usoni, kimoja baridi, kingine kikinukia vitunguu, naye amesimama nyuma ya jikoni na utepe wa kupimia mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Alikuwa ameitwa kufunga sanduku la kusafisha moshi. Mathenge aliliagiza Nairobi baada ya Chepkorir, mshonaji wa jirani, kuapa kwamba bibi harusi mmoja zaidi akienda kanisani na gauni linalonuka samaki wa kukaanga, watakutana kortini. Lilikuwa sanduku kubwa la bati linalong'aa, lenye feni, vichujio vya waya na sahani nyembamba za umeme za kunasa mafuta na masizi. Lingekaa nje, juu ya saruji, na bomba pana lingepita ukutani kuleta moshi wa jiko. Kazi kama hizo hazikuwa na mafundi wengi, na Levi, aliyetoka Bungoma, alisifiwa kuliko wote.

Ila Mathenge hakumwambia fundi mpishi wake ni nani. Levi aliijua sauti mwenyewe, ikigombeza sufuria ndani. Ilikuwa ya Mama Phelista wa Kiminini, mamake Rispah. Na Rispah ni mke wa Levi, aliyefunga virago msimu wa kupanda mahindi akarudi kwao.

Wabukusu hawachezi na mama mkwe. Humpi mkono, humtazami machoni, hukai naye chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Basi Levi, aliyepaswa kuingia jikoni aone jiko lilipo, akapima akiwa nje. Alitazama moshi unapochomoza kwenye mabati, akakisia, akatoboa ukuta. Tundu likatokea juu ya kabati la vikombe.

"Sasa fundi, huo moshi utafika kwa vikombe aje?" Mathenge alishika kiuno. "Si uingie tu ndani upime, bana!"

"Siwezi. Huyo ni mama ya bibi yangu."

"Ati nini?" Mathenge alitazama tundu, akamtazama fundi, kisha akaenda zake kuwahudumia wateja, kwa sababu wateja aliwaelewa.

Levi alibaki na ukungu wake. Tundu la bure liliuma, lakini kuna lililouma zaidi. Siku moja kabla Rispah hajaondoka, kule Bungoma, ndugu zake walikuwa mezani, mboga ikaungua kidogo, naye akatafuta cha kuwachekesha. "Kwao walimfundisha kupika moshi tu," alisema. Wote walicheka isipokuwa Rispah. Alimpenda mke yule kuliko alivyojua kusema, na tangu aondoke nyumba ilikuwa baridi hata adhuhuri. Mara nyingi alitaka kumfuata Kiminini, akaogopa uso wa mama ambao, hata hivyo, hakuruhusiwa kuutazama.

Ko, ko, ko. Mtu aligonga ukuta kwa ndani, bila shaka kwa mwiko.

"Mwambie fundi jiko iko hapa," sauti ya Mama Phelista ikasema. Levi akatabasamu. Mama wa watu alikuwa akiongea na vikombe ili asiongee na mkwe.

Akaegemeza sikio ukutani. Ko, ko, mwiko ukatembea polepole kulia, naye akaufuata kwa chaki. Ukasimama, akasimama. Ukapanda, chaki ikapanda. Ukuta ulikuwa na joto, ukungu ulikuwa mzito, na kwa muda Levi aliona kana kwamba hakuna hoteli wala mji, kuna yeye tu na mtu anayemwongoza njia bila kumshika mkono. Alitamani ukuta usiishe.

Ukaisha. Akatoboa tundu la pili, mahali pake sasa, akapitisha bomba, akakaza nati, akaziba nyufa. Jua lilikuwa limeshaula ukungu. Kabla hajawasha feni, alisogea kwenye tundu la kwanza, akageuza uso pembeni.

"Mama, yale maneno ya moshi yalikuwa ya upuzi. Rispah anapika vizuri. Mimi ndio nilikosa, na bila yeye siishi vizuri."

Ndani mtu alifunika sufuria kwa kishindo.

"Mwambie fundi huo mdomo yake tuliisikia mpaka Kiminini," sauti ya Mama Phelista ikajibu. "Na mwambie awashe mashine."

Akawasha. Sanduku likanguruma, kisha likatulia, na upande wa pili ikatoka hewa tupu. Chepkorir alikuja na kitambaa cheupe, akakishika mbele ya hewa ile, akakinusa, akarudi dukani akiimba.

"Fundi anasikia harufu?" Mama Phelista aliuliza.

"Sisikii kitu, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!" alijibu kwa majivuno ya kazi. Ndani mtu akacheka, na Levi hakuelewa kilichomchekesha.

Alikuwa akikoroga saruji ya kuziba tundu la bure mkono ulipotokea humo, umeshika sahani. Levi akageuka haraka, akauangalia mlima Elgon kana kwamba ameuona leo.

"Pokea basi, mkono unachoka."

Haikuwa sauti ya mama. Aligeuka polepole. Ilikuwa sahani ya ugali na kuku aliyetoka jikoni, na juu ya kuku kulikuwa na firigisi, nzima. Mgeni hapewi firigisi, wala fundi. Hupewa mwenye nyumba. Nyuma ya sahani, katika duara la tundu, aliuona uso wa Rispah.

Machozi yalimtoka Levi na hakuyaficha.

"Umekuwa humo tangu asubuhi?"

"Mama aliniita nimsaidie kazi. Huyo kuku nimempika mimi, na wewe ukasema husikii harufu hata kidogo."

"Na ule mwiko? Nani alikuwa anaugonga?"

"Ni mimi," Rispah alisema. "Sasa kula, halafu uzibe hii tundu yako. Bungoma ni mbali, na sijafunga nguo."