Koko wa Miaka Sabini na Moja

Modeste, bwana wangu, alikufa kwa maini, tumbo limejaa maji kama mtungi. Kwa hiyo munganga wa hospitali ya Mbarara aliposema "maini", nilishika tumbo langu kuona kama limevimba. Damu yangu ilikuwa imeonyesha epatiti B, ugonjwa wa maini, ile aina isiyotoka mwilini, na sasa walitaka kujua kama maini yameshaharibika.

"Koko, usiogope," alisema Gisèle, mke wa mtoto wangu, tuliyetoka naye kambi ya Rubondo. "Habatakukata. Banapiga tu hesabu."

"Hesabu ya nini? Miye ni gunia ya mahindi?"

Munganga, Mnyankole mpole, alichukua majibu ya damu, akayachanganya na miaka yangu kwenye simu, akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. Kutazama kule nilikujua. Walimtazama Modeste hivyo hivyo.

"Nyabo," aliniita kwa heshima ya kwao, "hii hesabu iko juu sana. Pengine maini iko na kovu mingi."

Nikamgeukia Gisèle. "Mbuzi umupe mujukuu wangu Élyse. Na munizike karibu na kanisa."

"Koko! Mbuzi yenyewe iko na mimba, ngoja kwanza izae."

"Nyabo, uzee pia inapandisha hesabu," munganga akasema. "Miaka sabini na moja si kidogo."

"Sabini na moja ni ya nani?"

"Yako. Kadi inasema."

Gisèle akainamisha kichwa. Siku ya kuandikishwa kambini nilikuwa nimelala na malaria, yeye akajibu kwa niaba yangu. Walipouliza huyu ni nani, akasema, "Ni koko." Karani kusikia koko, yaani bibi, akaandika bikizee wa miaka sabini na moja. Lakini kwetu mtu huitwa koko kabla ya mvi. Niliolewa mapema, na binti yangu vilevile.

"Mama alinizaa mwaka Kongo ilipoitwa Zaire," nikamwambia munganga. "Sijafika sitini."

Akapiga hesabu upya. Nikakodolea macho kidole chake.

"Imeshuka. Lakini iko katikati. Haisemi mbaya, haisemi muzuri. Twende kwa mashine, itapima ugumu ya maini."

Nikalala chali, mkono nyuma ya kichwa. Akanipaka mafuta baridi ubavuni. Mashine ikagonga, ikagonga tena, kama mtu anayebisha mlango ndani yangu. Nikaomba kimoyomoyo asijibiwe.

"Kovu imeanza," akasema mwishowe. "Maini haijakuwa ngumu. Utakunywa dawa kila siku, miaka mingi."

"Na nikiisahau?"

"Usisahau, nyabo. Ukiacha, maini itakuwa ngumu."

Nilingoja acheke kidogo. Hakucheka.