Anayetangulia Kuonja

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi ile, nyumbani kwa marehemu Aidan Mapunda, Matogoro, walikuwa wanne: Walburga, mjane wake, Kajetani, mdogo wa marehemu, Careen, binti wa mwisho, mwanafunzi wa kidato cha pili, na Tabibu Fulgence, aliyekuja kwa baiskeli kutoka hospitali ya mjini akiwa na karatasi moja na penseli. Otto, kaka yake Careen, hakuwepo. Alikuwa wodini, mguu umevunjika.

Walikaa saa nne asubuhi, kwa kuwa Walburga hakuwa na saa nyingine. Tangu alfajiri alikuwa amekwisha kukoroga pipa la komoni, pombe ya mahindi, kuchuja ndoo tatu na kupanga mabenchi uani. Wateja wa Jumamosi hawachelewi. Zamani mahindi yake yalikwenda kwenye chama cha ushirika. Siku hizi ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, ushirika ulichukua magunia ukaacha ahadi, na shule ilitaka wazazi wachangie kila kitu, hadi chaki. Pombe peke yake ndiyo iliyonunuliwa siku ile ile ilipoiva.

"Nielezeni tena alivyoumia," alisema Tabibu.

"Aliruka kutoka kwenye lori, daktari," Kajetani alijibu. "Na lori linakwenda! Mwenzake alimwambia tu, 'Huwezi.' Basi, neno moja hilo."

"Na siku ya tatu wodini, bila pombe, akaanza kutetemeka na kuona sisimizi ukutani. Ndiyo maana nataka kuujua ukoo."

Alichora miraba kwa wanaume na maduara kwa wanawake. Kila aliyeshindwa na pombe alimtia weusi. Babu Pankrasi alimkata ndugu yake kwa jembe kwa sababu ya utani, akaanza kulia kabla hajaliweka jembe chini. Shangazi Emerensiana, akiwa amelewa, aliichoma moto nyumba yake mwenyewe baada ya ugomvi wa kuku. Aidan aliokotwa mtaroni asubuhi, amekufa. Otto naye akatiwa weusi.

"Na wewe, mzee, unakunywa?"

"Nakunywa kama watu," alisema Kajetani.

"Watu gani, shemeji?" Walburga aliuliza. "Wale wanaolala chooni?"

Kajetani alicheka mpaka akakohoa. "Haya, tia, daktari. Tia weusi, usinionee haya. Kwa hiyo tumelogwa?"

"Hakuna aliyewaloga. Haraka ya kutenda kabla ya kuwaza, na udhaifu mbele ya pombe, vinaweza kupita katika damu, kutoka mzazi hadi mtoto. Lakini anachorithi mtu ni mbegu tu, na mbegu haioti ikiwa ghalani. Inahitaji udongo na maji."

Walburga aliitazama karatasi. Upande wa Mapunda palibaki duara moja jeupe, la Careen, wa kwanza darasani kwa hisabati. Duara lake mwenyewe, upande wa pili, lilikuwa jeupe pia. Wiki moja baada ya kumzika mumewe aliweka nadhiri parokiani kwamba hataonja pombe tena, akapewa utepe wa bluu, na hadi siku hiyo utepe ulikuwa kifuani pake. Miaka minne, hata tone.

"Hodi! Mama Otto, ushuru!"

Alikuwa Leo, karani wa ushuru, na kitabu chake cha stakabadhi kwapani. Aliketi kabla hajakaribishwa. "Na kikombe changu, kama kawaida."

Huko hakuna anywaye komoni kabla muuzaji hajatangulia kuonja mbele yake, kuonyesha kwamba haina sumu. Walburga alikuwa amefungwa na nadhiri. Kwa hiyo, tangu akiwa na miaka kumi, aliyetangulia alikuwa Careen. Wateja waliupenda utaratibu huo. Nani atamtilia sumu mwanawe?

Careen aliinuka bila kuambiwa. Kata ilitetemeka mkononi mwake, pombe ikamwagikia vidole vya miguu. Alipeleka kikombe mdomoni, na koo lake likapanda na kushuka mara tatu. Alipokishusha, kikiwa nusu, mkono ulikuwa umetulia kama meza.

Tabibu aliweka penseli chini.

"Careen, jana ulikunywa mara ngapi?"

"Sikunywa, daktari. Nilionja."

"Mara ngapi?"

"Kila mteja."

"Na siku za shule, asubuhi?"

Alikwenda chumbani akarudi na mfuko wake wa madaftari, akatoa chupa.

"Huo ni uji wake," Walburga alisema haraka. "Uji wa saa nne."

Tabibu alifungua kizibo, akanusa, akampa mama mtu. Walburga hakuhitaji kuonja. Ilikuwa pombe ya Alhamisi, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Bila hiyo siwezi kushika kalamu, mama," Careen alisema. "Namba zinacheza."

"Mbona mmenuna?" Leo alicheka. "Mtoto wa Mapunda huyo! Mlitaka anywe maziwa?"

Kajetani alivua kofia, akaishika kama mtu aliye msibani. Walburga alikuwa ameketi sakafuni bila kujua ameketije.

"Nadhiri yangu," alisema polepole, "nimeitimiza kwa koo la mwanangu."

"Asiache ghafla akiwa nyumbani," alisema Tabibu. "Yatampata yaliyompata Otto. Nitamlaza leo. Lakini akitoka, asirudi kwenye nyumba yenye pipa. Funga biashara hii, mama."

"Nikiifunga, atasoma kwa fedha gani?"

Tabibu aliinamia karatasi yake. Ilikuwa na miraba na maduara. Haikuwa na alama ya ada wala ya mbolea.

Walburga alisimama. Aliufungua utepe kifuani, akaukunja mara nne, akauweka juu ya karatasi.

"Sikilizeni. Careen anaondoka sasa hivi na daktari. Akitoka hospitali atakaa Mfaranyaki kwa dada yangu Ida, hapa asikanyage siku ninazopika. Pipa litabaki. Na kuanzia leo anayetangulia kuonja ni mimi. Mimi si wa damu ya Mapunda."

Tabibu alitaka kusema kwamba karatasi ile haikuwa kinga ya mtu yeyote.

Walburga alichukua kikombe kilichobaki nusu, akakinywa chote amefumba macho. Kisha akateka kingine kilichojaa, akakiweka mbele ya karani.

"Kunywa, Leo. Haina sumu."