Shemeji Ndani ya Kompyuta

Kompyuta yangu ina wenyeji wawili, na mmoja wao nimemchukia miaka miwili bila kupumzika.

Wa kwanza ni Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Niliuweka mwenyewe kwenye mashine kuukuu niliyoiunga kwa vipande vya mashine tatu zilizokufa, na tangu siku hiyo haujanisumbua. Wa pili ni ule mfumo mwingine, wa kununua, ambao siutaji jina maana nikiutaja nitatukana. Nimeuweka kwa sababu moja tu. Mimi nasanifu kurasa za vitabu vya shule, na kiwanda cha uchapaji kinachonipa kazi hakipokei faili ila lililotoka kwenye programu fulani, na programu hiyo haikubali kufanya kazi penginepo. Basi ukiwasha mashine yangu, inakuuliza kwanza unamtaka nani. Nyumbani huyo wa pili tunamwita Shemeji. Hukumchagua, amekuja na ndoa, na kumfukuza huwezi.

Vituko vyake havina idadi. Kuna siku alijisasisha akafuta ile orodha ya kuchagua, ikawa mashine inawaka moja kwa moja kwake kana kwamba Linux haijawahi kuwepo. Jumamosi yangu nzima iliishia hapo. Ukimzima hazimiki sawasawa, anasinzia tu huku ameshikilia sehemu ya mafaili tunayotumia pamoja, kisha Linux ikitaka kuandika humo inakataliwa. Halafu kuna mambo ya saa. Kila nikitoka kwake kurudi Linux, saa ya kompyuta huwa imeruka masaa matatu mbele, kwa sababu hawa wawili hawakubaliani jinsi ya kuitunza saa ya ndani ya mashine, mmoja huiweka kwa saa za hapa, mwingine kwa saa za Greenwich. Intaneti ikiwepo, Linux hujisahihisha kwa sekunde chache. Dawa ya kudumu ni amri ya mstari mmoja, na nilikuwa naijua. Nilikuwa naiahirisha wiki baada ya wiki, maana sekunde chache zitamdhuru nani?

Mama yangu haoni. Sukari ilimla macho polepole, na sasa amebakiwa na mwanga tu, anajua mchana na usiku basi. Anajichoma sindano ya insulini mwenyewe, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Ni ile ya kalamu, ukiizungusha inalia tik, naye huhesabu tik kumi kwa midomo bila kutoa sauti. Muuguzi wa zahanati alituambia mambo mawili: asipitishe saa, na akishachoma ale hapo hapo, la sivyo sukari itashuka mwilini mpaka azimie. Chakula cha mchana analeta dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye kibanda chake kiko mtaa wa tatu kutoka kwetu.

Dada alitaka awe anampigia Mama simu kila saa ya sindano. Mimi nikasema hapana, ya nini simu, nitatengeneza kitu. Kichwa changu kigumu, hilo kila mtu analijua. Nikajifungia kabatini na shuka kichwani nisichukue kelele za barabarani, nikajirekodi, nikaiagiza Linux iicheze sauti ile kwa spika za sebuleni: "Mama, saa saba imefika. Choma sindano yako, chakula kinakuja." Ilifanya kazi miezi saba bila kukosea. Mama alikuwa akiijibu. "Haya, baba," anaiambia spika, kisha anaanza kuhesabu. Nilijiona mtu wa maana sana. Hata betri ya saa ya ukutani niliing'oa nikaitia kwenye kipanya changu cha kompyuta, kwani saa ile ilikuwa inatazamwa na nani?

Shida ni kwamba nikiwa kwa Shemeji, sauti hailii. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: naingia kwake baada ya sindano ya asubuhi, natoka kabla ya saa sita.

Siku ile kiwanda kilitaka kitabu cha hesabu cha darasa la nne kabla ya saa tano, mashine zao zianze. Saa mbili niko kwa Shemeji. Saa tatu na robo nimemaliza. Nikabonyeza kuzima, na yeye akaniandikia kwamba anapakua na kusakinisha masasisho, nisizime kompyuta. Asilimia nne.

"Shemeji kaanza?" Mama akauliza kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amenisikia nikisonya.

"Kaanza."

"Mwache ale ashibe," akasema, akacheka peke yake.

Asilimia kumi na moja. Asilimia thelathini, hapo akakaa kama aliyekwenda msalani. Nilikuwa natembea sebuleni mikono kiunoni, jasho linanitoka. Saa nne kasoro dakika kumi na tano akazima. Nikawasha, nikachagua Linux, ikaja. Bando la intaneti lilikuwa limekwisha lote, Shemeji amelila mpaka chembe ya mwisho kwa masasisho yake. Sikujali. Faili lilikuwa tayari, na kiwanda ningekifikia kwa miguu. Nikalihifadhi kwenye flashi na barua ya makabidhiano, nikaiacha kompyuta inawaka kama kawaida, nikatoka mbio. Pembeni ya kioo saa iliandikwa. Sikuitazama.

Kule kiwandani faili hupokelewa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, mtu wa utani hata siku ya hasira. Alichomeka flashi, akasoma, akavua miwani.

"Kaka, hili faili umelihifadhi saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, kabla sijatoka."

"Hapa linasema saa saba kasoro dakika nane mchana. Na sasa ni saa nne na nusu asubuhi." Akaugeuza uso wa kompyuta nione. "Mwenzetu unatoka kesho? Tuambie basi kama mshahara umeingia."

Nikacheka. Kweli nilicheka, na wenzake wawili wakacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kama mashine yangu iliamini ni saa saba kasoro dakika nane nilipokuwa nahifadhi, basi dakika nane baadaye ilikuwa imemwambia Mama ni saa saba. Na mwenye sauti ni mimi. Na chakula hakikuwa kinakuja.

Nikampigia Mama. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia Dada, naye akiwa kwenye cherehani hasikii kitu. Nikapiga tena zote mbili. Yule mama wa kiwandani akasimama akaniuliza kuna nini, mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nilikimbia njia nzima, mtu mzima mwenye kitambi, simu sikioni, roho mkononi. Nilikuwa namlaani Shemeji kwa sauti, watu wakinipisha. Nilimlaani mpaka kwenye kona ya nyumbani, na hapo pumzi ikaniishia.

Mama alikuwa ameketi mezani. Kijiko alikuwa nacho mkononi. Kanga yake imelowa jasho kifuani, mdomo umepauka, kijiko kinagonga meza chenyewe kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Simu ilikuwa sakafuni.

"Dada yako leo kachelewa," akasema. Maneno yalikuwa yanavutika kama ya mlevi.

Nikakoroga sukari kwenye maji, vijiko vinne, nusu ikamwagika. Nikamshika kisogo nikamnywesha. Alikunywa kidogo, akataka kulala, nikamwambia Mama usilale, akanywa tena. Nikatafuta mkate. Nilikuwa nalia, wala sikuona haya, nani wa kuniona? Baada ya muda ambao siwezi kuupima mkono ukatulia, akashusha pumzi, akaniuliza mbona nyumba inanuka jasho la mwanamume.

Dada alipoona simu zangu ishirini akafunga kibanda akaja, tepu ya kupimia bado shingoni. Tukampeleka Mama zahanati. Muuguzi akampima, akasema amepona kwa sababu alikuwa amekunywa chai nzito asubuhi, na kwamba nusu saa zaidi lingekuwa jambo jingine.

Jioni, tumerudi, nikamweleza Mama kila kitu. Nilimweleza Shemeji na masasisho, bando lililoliwa, saa ya ndani ambayo wawili hawa hawakubaliani. Nilieleza vizuri sana. Dada alikuwa ananitazama tu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Jua lilikuwa halijanifika miguuni," akasema. "Saa saba huwa linanifika miguuni. Nikasema, labda leo kuna mawingu."

"Ndiyo nakwambia, Mama, kompyuta ilikosea."

"Kompyuta mimi siijui, baba. Nilisikia wewe unaniambia."

Dada alinyanyuka akaenda kuosha vyombo.

Niliketi mbele ya mashine nikiwa nimekata shauri la kumfuta Shemeji, yeye na programu yake na kazi yake. Nikafika mpaka pale kompyuta inapokuuliza kama una hakika. Nikarudi nyuma. Yeye hakujua kama kuna mtu sebuleni anayengoja saa saba. Aliyejua ni mimi, na aliyejua dawa ni mimi. Nikaandika ile amri ya mstari mmoja. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Kisha nikaitoa betri kwenye kipanya, nikairudisha kwenye saa ya ukutani.

Kesho yake sikwenda popote. Nilisimama sebuleni, hatua mbili kutoka kiti cha Mama. Jua lilikuwa limemfika miguuni. Saa ya ukutani ilisema saa saba, simu yangu ilisema saa saba, na kompyuta ikafungua mdomo kwa sauti yangu, kwa wakati wake hasa: "Mama, saa saba imefika. Choma sindano yako, chakula kinakuja."

Mama hakuijibu. Alikuwa na kalamu mkononi na hakuizungusha.

"Ni saa saba, Mama," nikasema. "Ni mimi. Niko hapa."

"Nimekusikia, baba," akasema kwa upole.

Akapapasa ukuta mpaka dirishani, akatoa kichwa, akamwita jirani aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili.

"Mama mwenzangu, ni saa ngapi?"

"Saa saba, bibi. Ndiyo kwanza imegonga."

Akamshukuru. Akarudi kitini, akakaa, na hapo ndipo akaanza kuhesabu.