Kruthi na Kiti cha Kulia

Mwanadamu ameumbwa na uwezo wa kumwonea wivu jirani, ndugu, hata maiti aliyezikwa na watu wengi. Abdulghani wa Likoni alivuka mpaka huo. Yeye aliuonea wivu ubao.

Kikundi cha taarabu cha shangazi yake, Bi Mwanatabu, kilikuwa na utaratibu wake wa kukaa, na hakuna aliyeuvunja. Bi Mwanatabu katikati, ngoma nyuma, na upande wa kulia kiti cha fidla. Fidla ndiyo ilikuwa ikifungua wimbo. Ilipita peke yake kwanza, polepole, kama mtu anayefagia uga kabla ya wageni, na Bi Mwanatabu alipoona njia imekuwa safi aligeuza shingo kidogo, akamtazama mpigaji, ambaye ni Abdulghani, kisha akaimba. Kwa ajili ya mgeuko huo mdogo wa shingo Abdulghani alikuwa tayari kula maharagwe yenye fukusi muhula mzima katika shule ya bweni. Kule shuleni alikuwa mtu wa sifa nyingine. Ndiye aliyemvalisha sanamu wa mifupa wa maabara sare ya kiranja mkuu na kumkalisha mezani wakati wa chakula, na ndiye aliyelia kwa uchungu kuliko wote siku mhusika aliposakwa. Lakini likizo zilikuwa za fidla na shangazi.

Likizo hii alifika na begi lake begani, akamkuta Jafar kwenye kiti cha kulia.

Jafar alikuwa mpishi wa meli, kijana wa mtaa huohuo, aliyemzidi Abdulghani miaka kama kumi na misuli mara mbili. Meli yake iliharibikia katika bandari moja ya Wales, ikakaa huko ikitengenezwa hadi mabaharia wakachoka kucheza karata. Wenzake walirudi na viatu na simu. Jafar alirudi na kruthi.

"Ni ala ya kale ya watu wa kule," alieleza. "Hata kwao wenyewe wanaoijua ni wachache. Mzee mmoja aliyekuwa akizichonga alinifundisha, kisha akaniambia nichukue hii, maana wajukuu wake hawaitaki."

"Wajukuu wana akili," Abdulghani alisema.

Aliichunguza kwa umakini wa daktari anayetaka kuthibitisha kwamba mgonjwa hafai. Ilikuwa ya pembe nne, kama dirisha la banda la kuku. Nyuzi zilikuwa sita, nne juu ya shingo na mbili pembeni zimejitenga, kama wakwe waliokosana na shughuli. Kidaraja cha kubebea nyuzi kilikuwa bapa, si cha mviringo kama cha fidla, na mguu wake mmoja ulikuwa mrefu, umepenya kwenye tundu na kusimama ndani ya tumbo la ala yenyewe.

"Kidaraja bapa hivi, upinde utagusa uzi mmoja vipi?" aliuliza.

"Hugusi mmoja, mdogo wangu. Unagusa zote."

"Basi hiyo si muziki, ni ugomvi."

Rahima, binamu yake mpiga tari, alicheka mpaka tari ikalia yenyewe. "Ghani, mbona umevimba hivyo? Umetafunwa na mbu au na kruthi?"

"Mimi nimevimba? Nawaonea huruma tu. Mtu katoka Ulaya na mbuzi ya kukunia nazi, nyinyi mnampa kiti."

"Kaa kushoto, mwanangu," Bi Mwanatabu alisema kwa upole. "Tusikilize mara nyingine."

Jafar akapiga. Na hapa ukweli lazima usemwe, ingawa Abdulghani asingeusema hata kwa viboko. Sauti ilikuwa ya ukwaruzo, nzito, na chini yake palikuwa na mvumo usiokatika, kama wazee wa msikiti wanaosoma kwa pamoja huku mmoja wao akipanda juu kidogo. Fidla ilikuwa ikiimba mbele ya Bi Mwanatabu. Hii ilimtandikia mkeka chini ya miguu. Shangazi alifumba macho, akageuza shingo kuelekea kulia, akaimba kwa sauti ambayo Abdulghani hakuwahi kuipata kutoka kwake kwa miaka yote ya kumfagilia uga.

Vinyweleo vilimsimama. Akavikasirikia.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akipika chai ilichemka ikamwagika. Shangazi akimpa Jafar kipande kikubwa cha samaki, Abdulghani alikipima kwa macho. Shangazi akisema "Jafar, punguza kidogo hapo," Abdulghani alisikia jinsi jina lile linavyokaa vizuri mdomoni mwake, na akajiuliza kwa nini yeye alipewa jina refu hivi. Mbaya zaidi, usiku alijikuta akivuma puani wimbo wa kruthi, akajipiga kofi.

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa jirani, Mtongwe, na wimbo wa kufungua ulikuwa wa Jafar. Abdulghani alitafakari kwa hekima yote aliyofundishwa na bweni. Upinde hauumi nyuzi bila sandarusi, ule utomvu mkavu wa kusugulia. Zile singa, nywele za farasi za upinde, lazima zisuguliwe mpaka zikwaruze. Na adui wa sandarusi ni mafuta. Asubuhi, wakati Jafar akimsaidia Rahima kupakia ngoma kwenye mkokoteni, Abdulghani alichota mafuta ya nazi kwenye kikopo chake cha kupaka nywele, akayapitisha kwenye singa za upinde wa kruthi, kuanzia kichwani hadi mkiani, kwa mapenzi ya mama anayemsuka mwanawe.

Alasiri turubai lilikuwa limejaa wanawake, manukato na watoto waliolishwa keki kupita kiasi. Kikundi kikakaa. Jafar akaweka kruthi kifuani, akainua upinde, akavuta.

Kimya. Akavuta tena. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama samaki kwenye utelezi, bila hata mkoromo. Abdulghani aliinama kukaza uzi wa fidla yake ambao haukuwa umelegea, akijiandaa kwa heshima na taadhima kuombwa aokoe harusi.

Alipangiwa hivyo na hesabu zake. Lakini hesabu zake zilisahau jambo linalojulikana na kila mpigaji wa vikundi hivi vidogo vya pwani, ambako upinde ukikatika singa katikati ya shughuli, wa karibu hutoa wake: upinde hauna kabila. Wa fidla utapiga chochote chenye nyuzi.

Bi Mwanatabu alinyoosha mkono, akauchukua upinde wa Jafar, akausogeza puani. Kisha akasogea kushoto, polepole, kana kwamba anataka kunong'ona, akanusa kichwa cha Abdulghani.

"Ghani," alisema.

"Naam, shangazi."

"Mpe Jafar upinde wako."

"Na mimi nitapiga nini?"

"Wewe utasikiliza."

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Abdulghani alitoa upinde wake, ule aliousugua sandarusi vizuri sana siku hiyo kwa ajili ya ushindi, na Jafar akaupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mdogo wangu. Wallahi umeniokoa." Yule bwana hakuwa na shaka hata chembe, na hilo lilikuwa tusi juu ya tusi.

Kruthi ikavuma. Turubai likatulia, hata watoto wa keki walisimama. Abdulghani alikaa mbele ya watu na fidla mapajani, mikono mitupu, kama mtu aliyealikwa karamuni akapewa kijiko tu. Na Bi Mwanatabu hakuimba ubeti waliofanyia mazoezi. Aligeuza shingo, safari hii kushoto, akaimba huu:

*Wivu moto wa makumbi, hauwaki hauzimi,*
*Hufuka pasina vumbi, moshi hujaa ulimi,*
*Mwenye nao hajigambi, hunena: Huyu si mimi.*

Wanawake walipiga vigelegele, na kila mmoja akamtazama yule aliyemdhania. Rahima alimtazama Abdulghani tu.

"Kakuimba wewe," alisema, tari ikiendelea mkononi.

"Ni wimbo wa jumla."

"Jumla yenye masikio makubwa."

Jioni, walipofika nyumbani, Bi Mwanatabu hakumfokea. Alimwekea upinde wenye mafuta mezani, karibu na sahani yake. "Kesho asubuhi utauosha kwa sabuni, uuanike kivulini, uusugue sandarusi. Kisha uujaribu kwenye kruthi yenyewe, nisije nikaaibishwa mara ya pili. Jafar ameiacha hapa, ataifuata baadaye."

Basi asubuhi Abdulghani aliuosha. Maji ya kwanza yalinuka nazi, ya pili yakanuka kidogo, na baada ya hapo alikuwa amechoka kunusa dhambi zake. Upinde ulipokauka aliusugua mpaka vumbi la sandarusi likampigisha chafya, akaketi barazani, akaipakata kruthi.

Alikusudia mvuto mmoja wa majaribio. Lakini nyuzi zote zililia pamoja, na mvumo ukamwingia kifuani kwa ndani, pale ambapo ala ilikuwa imeegemea mbavu, akahisi kama mtu anayezungumza ndani ya nyumba yenye ndugu wengi. Akavuta tena. Akatafuta ule wimbo wa kufungua. Vidole vya fidla viliujua tayari. Usiku wote ule wa kuvuma puani haukuwa umepotea. Alisahau kuchukia.

Jikoni, Bi Mwanatabu alikuwa akikuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Kisha, bila kuitwa, sauti yake ikapita dirishani na kukaa juu ya mvumo, nyepesi, ya asubuhi, bila watu wa kusikiliza. Ilikuwa ileile aliyompa Jafar. Abdulghani aliifuata kwa hofu, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa hadi ukingoni.

Ubeti ukaisha.

"Jafar," shangazi akaita kutoka jikoni, "mbona umekuja mapema hivi? Leo umepiga vizuri kuliko jana. Kuliko siku zote."

Upinde ulisimama hewani. Hizi zilikuwa sifa alizozitamani maisha yake yote, zimefika mlangoni kwake, zimeandikwa jina la mtu mwingine. Angeweza kupaza sauti aseme ni mimi. Angeingia jikoni, angemaliza yeye kuikuna nazi huku akimsimulia. Lakini kama angesema, shangazi angekatiza wimbo, angekuja barazani akijipangusa mikono, angeuliza kuhusu sandarusi. Na wimbo ulikuwa bado una beti mbili.

Abdulghani alikohoa kidogo, akaishusha sauti yake mpaka kwenye unene wa baharia.

"Naam, Bi Mwanatabu," akaitika.

Akavuta upinde, akimwonea Jafar wivu kuliko wakati mwingine wowote, na shangazi akaimba.