Harufu Inayomfuata Mama

Mama alikuwa ameoga alfajiri, akaoga tena baada ya chai, na sasa jua halijafika hata utosini alikuwa amesimama bafuni upya, ndoo imejaa, sabuni mkononi, akijinusa. Alinusa kwapa. Alinusa viganja. Alichukua gauni alilolivua, akapeleka pindo lake puani na kulinusa taratibu, macho ameyafumba. Hakuna kitu. Akajimwagia maji hata hivyo.

Msimcheke, wala msidhani akili zimeruka. Huyu alikuwa dobi, tena si dobi wa kubahatisha. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee, watu walimletea mashuka ya wagonjwa, aproni za wachinjaji na nguo za watoto waliokojoa, na vyote vilitoka mikononi mwake vikinukia jua. Alikuwa na msemo wake: "Uchafu una adabu, ukiuonyesha sabuni unaondoka. Harufu haina adabu." Sasa hiyo isiyo na adabu ilikuwa imemwandama yeye mwenyewe, na wala si nyumbani kwake. Ilimwandama nyumbani kwa mwanawe, alikohamia baada ya magoti kukataa kumpandisha ngazi za kwake.

Ilikuwa harufu ya samaki aliyesahauliwa ndani ya mfuko, na juu yake kitu kama kutu. Ingekuwa inakaa mahali pamoja angeizoea. Lakini haikukaa, na hilo ndilo lililomnyima raha. Akiwa bafuni peke yake, haipo. Akikaa kwenye kiti chake sebuleni, hii hapa. Akikimbilia barazani, inamkuta barazani. Akijilaza, baada ya muda imeshaingia chumbani kumsalimia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini yeye nguo zake zote alikuwa amezichemsha na bado aliendelea kuliwa.

Na chini ya kile kiti cha sebuleni, na pale barazani, na kwenye zulia la kando ya kitanda, alikuwepo Kaptula. Kaptula ni mbwa wa nyumba hiyo, mnene na mfupi, mweupe mbele na mweusi kuanzia kiunoni kwenda nyuma, ndiyo maana akapewa jina hilo. Kabla Mama hajaja alikuwa mbwa wa uani kama mbwa wengine. Tangu Mama aje, uani hapatambui. Mama alimlowekea mkate kwenye maziwa, akisema meno yao yana umri mmoja, na Kaptula kwa shukrani akawa hambanduki miguuni. Siku za karibuni alikuwa na mtindo wa kukaa kitako na kujiburuta kwenye zulia kwa miguu ya mbele. Mwanawe Mama, fundi wa friji na mjuaji wa kila kitu, alisema, "Minyoo hiyo," akampa dawa ya minyoo. Kaptula akaendelea kujiburuta.

Kama wewe umeshaunganisha, hongera. Mama hakuunganisha. Nyani haoni kundule, tunaambiwa, lakini Mama alikuwa nyani wa aina yake: alilikodolea lake mpaka akasahau kwamba na wengine wanalo.

Basi, siku hiyo hiyo ya kuoga na kuoga tena, alitoka nyuma ya nyumba kuanika shuka. Kamba ya nguo inapita chini ya dirisha la jikoni, na jikoni walikuwepo mwanawe na mkamwana wake. Mkamwana huyu alikuwa karani wa shule, mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini ambayo siku hiyo ilikuwa imepanda kidogo.

"Nimevumilia, lakini sasa basi," alikuwa akisema. "Jana mwalimu mkuu kaja hapa, mara naye huyo kaingia sebuleni, kakaa karibu yake kabisa. Mwalimu mkuu kahama kiti. Kahama tena! Nilitamani ardhi ipasuke."

"Si kosa lake. Ni umri," fundi alijibu.

"Najua si kosa lake. Lakini hata akioga, muda kidogo tu, yale yale."

"Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari."

"Na daktari akisema hakuna dawa?"

Kijiko kiligonga sufuria. Mama alikuwa ameshikilia shuka kwa mikono miwili, na maji yanamtiririkia viatuni.

"Basi itabidi aende kwa kaka yako," fundi alisema. "Ana uwanja mkubwa. Kule atakaa nje nje, hatamsumbua mtu."

Hapa ndipo ninapoilaumu lugha yetu, Mungu anisamehe. Kiti tumekipa "ki" yake, mti una "u" yake, jiwe lina "li" yake, lakini mama mzazi na mbwa tumewavika shati moja. Anakula, analala, ananuka, apelekwe. Nani? Kaa chini ya dirisha ujijue mwenyewe! Mama hakusubiri neno jingine. Aliliacha shuka limejikunja kambani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akaingia ndani kwa mlango wa nyuma.

Mchana ule hakukalika. Alikaa, akasimama. Alikihamisha kiti chake hadi pembe ya mwisho ya baraza, mbali na mlango, na Kaptula akajikokota kumfuata na kulala chini yake. "Hata wewe usinisogelee," Mama alimwambia, "utaambukizwa." Kaptula akapiga mkia. Siku aliyofika nyumba hii walimpokea kwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakacheka, wakambebea mizigo. Hakuna aliyemwambia mgeni akianza kunuka mwenyeji hufanyaje.

Jioni mkamwana alimletea chai. "Mama, mbona umejitenga huku? Njoo ndani."

"Huku kuna hewa, mwanangu."

"Hewa kweli inahitajika," mkamwana alisema, akacheka na kutupa jicho chini ya kiti. Kicheko kile kilimchoma Mama mpaka kwenye mfupa. Alikunywa chai bila kuisikia ladha, kisha akaenda chumbani, akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Alizikunja kidobi, mikono ndani kwanza, kisha pande, kisha katikati, mpaka kabati likabaki na viango vitupu. Mtu mwenye heshima zake haondolewi, huondoka. Kama ni kwa mtu baki, awe amekwenda kwa miguu yake na nguo zimenyooka.

Asubuhi fundi aligonga mlango. "Mama, nakwenda kwa daktari, naomba twende wote. Bila wewe hakutakuwa na amani huko."

"Nimeshajiandaa," Mama alisema, akatoka amevaa gauni lake la buluu lililotiwa wanga, begi mkononi.

Fundi alikuwa anahangaika kutafuta mkanda wa mbwa. Aliliona begi, akadhani ni mambo ya wazee, hawatoki bila mzigo, akalitupa kwenye buti la gari. Akambeba Kaptula akamweka kiti cha nyuma, ubavuni mwa Mama. Walau wameniachia nimuage, Mama aliwaza. Madirisha yote manne ya gari yalifunguliwa na hakuna aliyesema kwa nini.

Walipofika njiani Mama aliuliza, "Kule kwa shemeji yako, bomba la maji liko karibu?"

Fundi alishtuka, nusura apitilize kona. "Kumbe ulisikia!"

"Nilisikia."

"Sikutaka uumie, Mama. Ndiyo maana hatukukwambia. Tumwone daktari kwanza, pengine hatutafika huko."

"Sikulaumu," Mama alisema, akageukia dirisha, akawa anaangalia nguo za watu zilizoanikwa na kuzihesabia makosa.

Kwa daktari walikaa kwenye benchi. Pembeni yao kulikuwa na mwanamume mwenye kuku kwenye kapu, na msichana aliyempakata paka amefungwa bandeji sikioni. Watu wa siku hizi, Mama aliwaza, mpaka hospitali wanakuja na mifugo! Alikunja mikono, akaikunjua, akainusa. Harufu ilikuwepo. Mwenye kuku alisogea.

Mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye aproni ya plastiki na miwani aliyoipandisha kichwani. "Haya karibuni, shikamoo Mama. Mgonjwa wetu ni nani?"

Mama alisimama kabla mwanawe hajafungua mdomo.

"Ni mimi, daktari. Harufu ni yangu. Nimeoga mpaka nimechoka, nguo nimechemsha, nimejisugua kwa ndimu ngozi inawaka. Kama dawa ipo, nipe. Kama haipo, sema hapa hapa mwanangu asikie, asije akajilaumu akinipeleka huko anakonipeleka."

Hata kuku alinyamaza. Fundi alikuwa amesimama nyuma yake, mkanda wa mbwa unaning'inia mkononi.

"Mama," daktari alisema polepole, "mimi ni daktari wa wanyama."

Na Kaptula, aliyekuwa amechoka kusubiri, akaketi kitako katikati ya ukumbi na kujiburuta juu ya vigae, kutoka benchi hadi mlangoni, na nyuma yake ikafuata ile harufu ya samaki na kutu.

"Naona mgonjwa amejitaja mwenyewe," daktari alisema.

Walimpandisha mezani. Mama alimshika kichwa, maana mikononi mwake alitulia, na daktari akavaa glavu na kuipaka mafuta. Alieleza huku akifanya kazi. Kila mbwa ana vifuko viwili vidogo vya tezi, kimoja kila upande, ndani kidogo ya njia ya haja kubwa. Vinatengeneza majimaji yenye harufu, na kwa hiyo harufu mbwa hutambuana. Choo kikiwa kigumu kiasi, kinapopita kinaviminya vyenyewe. Choo kikiwa laini, vinajaa, vinaziba, vinawasha, pengine vinaingia usaha. "Ndipo mbwa anapojiburuta. Na kila mtu anasema minyoo." Fundi alitazama dari.

Kisha daktari akaminya. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha kahawia, mfano wa grisi ya zamani, na uvundo wake ulimtoa mwenye kuku nje na kapu lake. Fundi aliziba pua kwa shati. Lakini Mama aliinama, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Ndiyo hii!" alipiga kelele. "Ndiyo yenyewe! Jamani, ndiyo hii hii!" Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuufurahia uvundo kiasi kile.

"Cha kushoto kimevimba kidogo, nitampa dawa," daktari alisema. "Msijaribu kuminya wenyewe nyumbani, mtamuumiza. Mrudisheni nikiangalie. Na huyu ni mnene mno. Anakula nini?"

Mama alijifanya anamfuta Kaptula sikio.

"Mkate," alisema mwishowe. "Na maziwa."

"Kila siku?"

"Asubuhi. Na jioni, akinitazama."

"Ndiyo maana choo chake kimekuwa uji. Kumbe harufu kweli ni yako, Mama," daktari alisema, na kicheko kikawashika wote watatu mpaka daktari akavua miwani. Mkate ukafutwa hapo hapo. Akaagiza chakula cha mbwa kama kawaida, boga lililochemshwa kidogo, na matembezi.

Ndani ya gari fundi hakuwasha injini. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Ulidhani tunakusema wewe."

"Ananuka, apelekwe. Ningemdhani nani?"

"Ungesubiri kidogo tu pale dirishani. Mke wangu alisema, 'Akienda huyu, Mama atashinda na nani mchana kutwa? Lazima apone.' Hayo ndiyo maneno yake."

Mama aliyapokea maneno hayo, akayaweka moyoni, na yalimpoza. Lakini hayakumtuliza. Alimpapasa Kaptula mgongoni kwa muda, kisha akauliza lililokuwa limemkaa kooni tangu jana.

"Na kama ingekuwa mimi?"

Swali la namna hiyo hujibiwa haraka. Mjuaji wa kila kitu hakulijua hili. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha, na gari limesimama.

"Naona haya, Mama," alisema, akawasha injini.

Walipofika nyumbani alifungua buti, akalinyanyua begi, na safari hii akausikia uzito wake. Alisimama nalo pale, akimtazama mama yake na gauni lake la wanga. Halafu akaenda nalo moja kwa moja chumbani. Mama alipomfikia mlangoni alimkuta amepiga magoti mbele ya kabati, begi limefunguliwa, anatoa nguo moja moja na kuzirudisha. Huyu hakuwahi kukunja hata soksi tangu azaliwe. Alilitundika gauni upande, akalisokota sweta kama kitambaa cha kufutia mafuta, akarundika mitandio juu ya viatu. Mikono ya Mama ilimwasha. Mikono ndani kwanza, alitaka kusema, kisha pande. Aliketi kitandani akaibana kati ya magoti.

Mkamwana alirudi kutoka kazini akawakuta hivyo, na Kaptula amelala juu ya begi tupu.

"Kuna nini tena? Mnafanya nini?"

"Mama anahamia," fundi alisema bila kugeuka.

"Si alishahamia zamani?"

"Alikuwa mgeni. Leo ndiyo anahamia."

Zile nguo zilikaa kabatini vile vile, zimepinda, mikono inaning'inia nje, na dobi yule hakuzigusa.